Zamu Aliyefundishwa Kunyamaza

Godoro limeshafungwa kwa kamba juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao watu wa Goma hubebea kila kitu. Juu ya godoro kuna viti viwili vimepinduliwa, na katikati ya miguu ya viti kuna sufuria. Mzee Théoneste anatembea nyuma, ameshika mguu wa kiti kimoja, yeye na msukuma chukudu wanaelekea Petite Barrière, kizuizi cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma.

Ni asubuhi, mwezi wa Machi 1999. Wanawake wa Gisenyi wanapita na ndoo za maziwa na mafungu ya vitunguu, wanawahi soko la ng'ambo. Hakuna anayemtazama mzee mara mbili. Hapa mpakani kila mtu ana mzigo.

Anamfuata kwa nyuma mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mtandio kichwani, viatu vya ofisini miguuni. Hajabeba kitu. Jina lake Saidati, na ni fundi wa kompyuta wa ushirika mmoja wa wakulima wa viazi hapa mjini.

"Mzee, nakuomba usivuke leo," anasema. "Ngoja nizungumze nao tena."

Théoneste hageuki. "Ulishazungumuza, mutoto yangu. Ile kuzungumuza yako njo imenileta hapa."

Askari anatazama karatasi, anainua kizuizi. Chukudu inapita, mzee anapita. Saidati anabaki upande huu, na baada ya muda anarudi kazini, maana siku ya kazi imeshaanza.

Ukitaka kuelewa kilichomvusha mpaka mzee huyu, lazima kwanza uijue kazi ya Saidati. Si kazi rahisi kueleza. Hata nyumbani kwao imewashinda.

"Watu wananiuliza, binti yako anafanya nini," anasema mama yake, Kaltumu, anayeshona nguo sokoni. "Nawaambia anakaa na sanduku. Sanduku likinung'unika, yeye anaandika."

Saidati alizaliwa Kigoma, Tanzania, ambako baba yake, fundi cherehani wa Gisenyi, alikimbilia akiwa kijana. Kompyuta alijifunzia kwenye ofisi ya mizigo bandarini, kwa kusimama nyuma ya waliojua. "Sina cheti," anasema. "Nilichungulia mpaka wakachoka kunifukuza."

Familia ilirudi Rwanda mwaka 1995. Mwaka uliofuata ushirika ulimwajiri kwa mshahara wa faranga elfu hamsini kwa mwezi. Nusu yake inakwenda kwenye kodi ya nyumba na dawa za baba.

Alikuta mtambo mmoja tu wa kompyuta, wa mfumo wa Unix, wa kabla ya vita, mkubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1994 waporaji walibeba viti vya ofisi, milango, hata mabomba ya maji. Mtambo waliuacha.

"Nani angeununua?" alikuwa akisema Théoneste, karani wa ushirika tangu miaka ya themanini. "Kama ingekuwa muzuri kwa kupika, wangeupeleka."

Ulipowashwa tena, majina ya wafanyakazi wa zamani yalikuwa bado humo ndani, kila mmoja na mlango wake wa kuingilia. Sita kati yao walikuwa wameuawa. Mmoja wa hao sita ni Xavérine, mke wa Théoneste, mtu wa kwanza kuuendesha mtambo huo. Mauaji ya kimbari yalipoanza mumewe alikuwa Goma kununua magunia. Alipoweza kurudi hakukuta mtu nyumbani.

Mtambo ulikuwa unaonyesha, pembeni ya kila jina, siku ya mwisho mwenye jina alipoingia. Ya Xavérine ilikuwa Jumatano, tarehe 6 Aprili 1994, jioni.

Basi asubuhi nyingi, kabla hajavua koti, Théoneste alipitia chumba cha kompyuta.

"Iko pale?"

"Yupo, mzee."

"Tarehe?"

"Ileile."

"Bon." Na alikwenda zake kwenye meza yake.

Saidati aliyafunga majina yote sita ili mtu asiingie kwa mlango wa marehemu. Kuyafuta hakuyafuta. Théoneste alikuwa amemwomba: "Ya bibi yangu uiache. Ile jina haikule chakula ya mutu."

Mwaka 1997 ikaja mitambo miwili zaidi. Mmoja ulitoka Kampala, umeshatumika, na una Unix ya aina nyingine. Wa pili ulikuwa mpya, una mfumo wa tatu, Linux. Pamoja nao kulikuja bahasha ya disketi, na ndani yake programu ya bure iliyoandikwa chuo kimoja cha ng'ambo. Kazi yake ni kukagua usalama wa mtambo. Inazunguka ndani kama mlinzi anayezunguka ua: inasukuma kila mlango, inajaribu kila dirisha, halafu inatoa ripoti. Jina hili halina neno la siri. Faili hii inaweza kuandikwa na yeyote. Yule ni mgeni, hajulikani.

Wafanyakazi waliiita Zamu, kama wanavyowaita walinzi wa nyumba hapa.

Shida ni kwamba Zamu alizaliwa kwenye mfumo mmoja, na hakuna hata mmoja kati ya mitambo mitatu ya ushirika uliokuwa na mfumo huo. Kila mfumo unaweka vitu vyake mahali pake na unajibu maswali kwa namna yake. Mkurugenzi, Bwana Twagirimana, akamwambia Saidati amfundishe Zamu nyumba zote tatu.

"Chukua mlinzi aliyezoea nyumba yenye lango la mbele," Saidati anaeleza, "umpeleke kwenye nyumba ambayo lango liko nyuma. Atakaa mbele palepale mpaka kuche, halafu atakuambia hakuona mwizi. Wala hadanganyi. Ubaya wenyewe ndio huo."

Siku ya kwanza kwenye Linux, Zamu alitoa kurasa nyingi mpaka karatasi ikaisha. Alisema kila faili iko wazi kwa kila mtu. Kumbe alikuwa anahesabu safu za maneno kutoka kushoto, na kwenye mfumo huu kulikuwa na safu moja ya ziada. Alikuwa anasoma pasipo pake.

Théoneste alizitazama karatasi zilizomwagika chini. "Zamu yako imekunywa urwagwa," akasema, na ofisi nzima ikacheka, maana urwagwa ni pombe ya ndizi, na walinzi wa Gisenyi wanajulikana.

Intaneti haikuwepo. Swali likimshinda, Saidati aliliandika kwenye disketi, akaitia kwenye bahasha, akampa dereva wa basi ampelekee mwalimu mmoja aliyeko Kigali. Jibu lilirudi baada ya wiki, au halikurudi. Halafu ilikuja miezi ya abacengezi, wapiganaji waliokuwa wakivuka usiku kutoka Kongo, na mabasi yakawa hayana uhakika. Mudende, waliko wakulima wa ushirika, palikuwa hapaendeki. "Miezi hiyo nilijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe," anasema. "Ndiyo nilijifunza sana."

Kufikia katikati ya mwaka 1998, Zamu alikuwa anazijua nyumba zote tatu. Saidati alimfundisha hata Kiswahili, akageuza maneno ya ripoti moja moja ili kila mfanyakazi asome. Twagirimana alifurahi. Akaagiza ripoti ibandikwe kila asubuhi kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, kila mtu aone uzembe wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku hiyo ilionekana kama jambo dogo.

Zamu alikuwa na ukaguzi mmoja wa majina yaliyokaa bila kutumika. Akiliona jina la namna hiyo, anashauri liondolewe. Asubuhi ya kwanza ripoti ilipobandikwa, wafanyakazi walikuta majina sita ya marehemu, moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina neno moja: afutwe.

Kimenyi, mpima mizani wa ghala, kijana mwenye utani mwingi, alianza kuyasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alifika jina la tatu. Mukabera, anayesafisha ofisi, ambaye kaka yake alikuwa wa nne, alimwambia, "Funga mdomo," akaweka ndoo chini na kwenda nyumbani.

Théoneste alibandua karatasi, akaingia nayo ndani. Hakufoka. "Mutoto yangu," akasema, "wanamufuta mara ngapi?"

Saidati hakuwa hapa mwaka ule. Anasema jambo hilo ndilo linamfanya awe mwepesi kuomba radhi mbele ya wenyeji. Aliketi palepale na kumwandikia Zamu mstari mmoja wa nyongeza: majina haya sita, yaruke.

"Nilipaswa kuuandika ndani ya ule ukaguzi mmoja," anasema. "Mistari mia mbili huko chini. Nikauandika juu kabisa, penye mwanzo wa programu, kwa sababu nilitaka jambo liishe haraka. Kwa hiyo Zamu hakuacha tu kusema wafutwe. Aliacha kuwatazama kabisa."

Mukabera alirudi kazini. Kila mtu alimshukuru Saidati.

Mwisho wa mwaka mtambo wa zamani ulianza kufa, diski inalia kama jiwe la kusagia. Saidati akahamisha kila kitu kwenye Linux, na majina sita pia. Asubuhi iliyofuata Théoneste akaja na swali lake.

"Iko pale?"

"Yupo, mzee. Ila..." Mtambo mpya haukuwa na kumbukumbu za ule wa zamani. Pembeni ya jina la Xavérine ulikuwa umeandika: hajawahi kuingia.

"Hajawahi?" Mzee alipandisha sauti, jambo ambalo hakuna aliyelizoea. "Ariko, lakini hajawahi namna gani? Na hii ofisi yote nani aliifundisha kuandika kwa mashine?"

"Nitairekebisha, mzee."

Kesho yake tarehe ilikuwepo, Jumatano 6 Aprili 1994. Théoneste alisema "Bon," hakuuliza imefikaje.

Kitu ambacho Saidati hakukiona ni kufuli. Kwenye mtambo wa zamani, alama ya kwamba jina limefungwa ilikaa kwenye faili nyingine, mbali na majina yenyewe. Majina yalihama. Kufuli zilibaki nyuma, kwenye diski iliyokufa. Kwenye Linux, milango ya wale sita ilikuwa haina hata neno la siri. Ukiandika jina, unaingia. Kosa la namna hiyo ndilo Zamu aliloandikiwa kulipigia kelele kabla ya mengine yote, na angelipigia, kama asingeambiwa aruke.

Ilikuwa Jumatatu ya Februari.

"Iko pale?"

"Yupo."

"Tarehe?"

Saidati akatazama. Akatazama tena. "Alhamisi."

"Alhamisi ya lini?"

"Alhamisi iliyopita, mzee."

Théoneste alikaa juu ya boksi la karatasi. Halafu akasema polepole, kama mtu anayetoa taarifa ofisini, "Saidati. Bibi yangu ameingia kazini."

Walifuata nyayo pamoja, asubuhi ile ile. Mtu aliyeingia kwa jina la Xavérine alikuwa amefungua hesabu za ghala na kuandika kwamba magunia zaidi ya mia mbili ya mbegu za viazi yameoza. Walipokwenda ghalani, magunia hayakuwepo, si mazima si mabovu. Yalikuwa mbegu za wakulima wa Mudende, watu waliokuwa wamerudi mashambani juzijuzi tu, na mvua ilikuwa imeshaanza.

Kamati ya ushirika ilikaa siku hiyo hiyo. Lawama ya kwanza ilimwangukia mume. Nani mwingine angejua jina lile na neno lake la siri?

Saidati aliomba kusema. Hakuficha kitu. Alieleza kufuli zilivyobaki nyuma, na mstari alivyouandika, na kwamba yeyote mwenye vidole angeweza kuingia. "Nilidhani nikisema yote watanifukuza mimi," anasema.

Twagirimana, aliyekulia Uganda na ambaye Kiswahili chake ni cha kuamrisha, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini majina haya yaliachwa?"

"Mimi niliyaacha, Bwana Mkurugenzi."

"Sikuuliza nani aliacha. Nauliza nani aliomba."

Saidati alianza kueleza tena habari za kufuli.

"Nauliza, binti."

"Mzee Théoneste aliomba. La mke wake. Lakini hakuomba..."

"Basi. Aliomba mlango uachwe. Na mtu ameingia kwa mlango huo."

"Mzee ndiye aliyetuonyesha tarehe! Mwizi gani anakuja kujishtaki?"

"Mwizi mzee," akajibu mmoja wa wajumbe, na wengine wakacheka kidogo.

Théoneste aliulizwa kama ana la kusema. "Niliomba jina," akasema. "Mi nilijua jina ni jina tu." Alisimamishwa kazi. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya ushirika, na wiki zilizofuata akaambiwa aiache. Ndiyo maana godoro lilikuwa juu ya chukudu.

Agosti, mpima mizani Kimenyi alikamatwa nje ya mji akiwa na lori la mbegu nyingine. Safari hii aliingia kwenye hesabu kwa jina lake mwenyewe, maana Saidati alikuwa amefunga yale mengine. Aliulizwa alijuaje majina ya marehemu. Alisema aliyasoma mlangoni, siku ile ya karatasi, na kwamba alijaribu tu, akiwa kwenye kompyuta ya ghala. Mlango ukafunguka. "Nilichagua marehemu," alisema, "kwa sababu hakuna atakayemwita amuulize."

Kamati ikakubali kwamba Théoneste hana kosa na arudishwe kazini. Saidati aliomba apeleke habari yeye. Akavuka Ijumaa, akamkuta mzee kwenye mtaa wa Birere, Goma, kwenye duka la maharage la dada yake, anashona mdomo wa gunia.

Alimwambia yote. Mzee aliendelea kushona.

"Donc, kumbe mi si mwizi."

"Hukuwa mwizi hata siku moja, mzee. Wanasema urudi. Twagirimana mwenyewe amesema."

"Yeye alisema. Bon." Alikata uzi kwa meno. "Na ile tarehe ya bibi yangu? Ile ya Jumatano. Kimenyi aliiharibu?"

"Aliingia, kwa hiyo ikabadilika. Lakini usijali. Naweza kuiandika tena."

Sindano ilisimama. "Tena?"

Saidati anasema alitamani ardhi immeze.

"Donc ile nilikuwa naangalia kila asubuhi, miezi yote ile, ni we uliandika."

"Niliinakili, mzee. Kutoka mtambo wa zamani. Ni siku ileile, saa ileile."

"Nimesikia."

"Uliumia sana siku ile, ndiyo maana."

"Nimesikia, mutoto yangu. We uko na roho muzuri. Kila kitu unafanya, unafanya kwa roho muzuri." Akavuta gunia jingine. "Ule muzee, mashine, uko wapi sasa?"

"Diski iliharibika. Walichukua vipuri."

"Basi kule hakuna kitu yangu," akasema. Alimwita dada yake alete chai, wakanywa, wakaongea habari za bei ya maharage na mguu wa baba yake Saidati. Kuhusu kazi hawakuongea tena.

Saidati sasa amemwandika Zamu upya. Majina hayarukwi tena bila kusemwa: akiambiwa aliache jina, anaandika kwenye ripoti kwamba kuna jina ameliacha, na nani alimwambia. Ripoti haibandikwi mlangoni, anapewa mkurugenzi mkononi. Neno "afutwe" ameliondoa, ameweka "aangaliwe". Anataka kumfundisha mfumo wa nne, wa ofisi moja ya Kigali iliyomwomba, na baada ya hapo autume mstari huo wa kutaja jina lililoachwa kwa wale wa ng'ambo walioandika programu, ili na wao wauweke kwenye ya kwao.

"Hawatajua ulitoka wapi," anasema. "Wataona mstari tu."

Huu ni Desemba 1999. Kimenyi yuko gereza la Gisenyi, anangoja hukumu. Twagirimana amehamia Kigali, na nafasi yake ameshika mama mmoja wa Cyanzarwe. Wakulima wa Mudende walikosa msimu wa kwanza, wakapanda wa pili kwa mbegu za kukopa, na wengine wameacha viazi wanalima maharage. Mukabera bado anasafisha ofisi. Majina matano yangali kwenye mtambo, yamefungwa. La Xavérine lilifutwa Septemba, Théoneste alipotuma neno kwamba liondolewe. Saidati ndiye aliyelifuta. Théoneste anaishi Birere na dada yake. Meza yake ofisini amepewa mtu mwingine.